Swali Nililowapunguzia Akina Mama

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani wa Kiswahili na Kifaransa nilivaa tai, nikatoka mtaani kwangu Anderlecht, hapa Brussels, kwa metro mapema mno, nikasubiri mlangoni mwa hospitali kama mgonjwa. Msimamizi wa wakalimani, mama mmoja Mbelgiji mkali, aliitazama ile tai kisha akanipa sheria mbili tu.

"Usiongeze, usipunguze. Na mgonjwa akisema 'naumwa', wewe sema 'naumwa', usiseme 'anasema anaumwa'."

Hiyo iliitwa kutafsiri kwa nafsi ya kwanza: unaazima "mimi" ya mtu mwingine. Nilidhani ni jambo rahisi.

Nilizungushwa idara nyingi, uzazi, meno, moyo, mpaka miaka ya elfu mbili na kumi nikapelekwa kliniki ya maumivu. Daktari mkuu wa pale alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wanaotuliza maumivu kwa bangi. Msishtuke. Ile ya hospitali ilikuwa dawa ya kupuliza mdomoni, kwa watu ambao misuli inawakaza. Wengine walijitafutia yao kando: mafuta ya matone chini ya ulimi, keki, au moshi. Moshi hushika upesi na kuisha upesi, cha kumeza huchelewa na kukaa sana. Ndiyo maana fomu ilitaka njia zote, ili daktari ajue aandike kipimo gani.

Kwa wanaume sikuwa na taabu. "Papa, unavuta, unakula, ao matone?" Walicheka, wakajibu. Lakini mimi, mtoto wa Bujumbura niliyelelewa vizuri, nimuulize mama wa watu kama anavuta bangi? Niliuliza, "Maman, ni ya kupuliza ao matone?" Basi. Penye moshi nikajaza "hapana" mwenyewe.

Mwaka ulipoisha daktari alinionyesha fomu zake. "Wanaume wenu huvuta, wanawake hawavuti kabisa. Ni utamaduni?" Nikajibu ndiyo, tena kwa majivuno. Nikikumbuka hapo natamani ardhi inimeze.

Maman Odette alikuwa Mkatanga wa Kongo anayekaa mtaa wa Forest, na miguu yake ilikuwa ikikaza vibaya. Fomu yake ilisema havuti, kwa hiyo daktari akamwongezea ya kupuliza. Kumbe kila asubuhi alikuwa akivuta dirishani. Viwili vikakutana, kizunguzungu kikamshika, akaanguka ngazini, nyonga ikavunjika.

Daktari alisimama kando ya kitanda chake. "Muulize kwa nini hakusema anavuta."

Nikamuuliza. Aliniangalia bila hasira. "Bon, papa, umuambie hakuna muntu aliniulizaka."

Nilisimama pale na "mimi" yake mdomoni. Nikamgeukia daktari, nikasema kwa Kifaransa: "J'ai oublié." Yaani, nilisahau.

Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa husahau. Tangu siku hiyo akilalamika maumivu, walimuuliza binti yake kwanza kama ni kweli.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Msimamizi alisema sikuwahi kuongeza wala kupunguza, nami nikala keki yao. Ninyi mnaoingia kazi hii, mtaambiwa heshima ni jambo zuri. Ni zuri, lakini mimi heshima yangu ilimvunja mama wa watu nyonga, na woga wangu ukamvunjia jina. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwaka jana nilimkuta Maman Odette kwenye stesheni ya Gare du Nord, na fimbo. Aliniamkia vizuri kabisa. Nikampa mkono tukapanda ngazi, na katikati akasimama apumue.

"Papa, Kifaransa kidogo nasikiaka," akasema. "Oublié, ile neno najua. Alors, ulishamuambia docteur?"

"Bado, maman."

Akatikisa kichwa, akanishika mkono tena, maana ngazi zilikuwa zimebaki. Faili lake mpaka leo linasema husahau.