Jicho Moja la Mama Fundi

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliniambia, "Usimpelekee tena nguo yule fundi. Akili zimemruka, anatikisa kichwa peke yake kama kuku aliyeona punje." Nikampelekea gauni langu vilevile, nikakaa kusubiri na mwanangu mapajani. Kichwa kweli anakitikisa. Tangu jicho lake la kushoto lilipokufa, vitu anaviona vimelala bapa kama picha ukutani, hajui kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Basi kabla ya kushika mkasi anapeleka kichwa kushoto, anakirudisha kulia, na kinachosogea zaidi ndicho kilicho karibu. Chai haimimini mpaka mdomo wa birika uguse kikombe. Uzi anauegemeza kwenye ukucha, anaupandisha polepole hadi kwenye tundu la sindano. Siku ile alikosa mara nne. Ya tano ukapita, akacheka mwenyewe.

"Daktari kasema ubongo wa mtu mzima nao hujifunza upya, mwanangu. Wangu ndio kwanza uko darasa la kwanza, ila shule hautoroki."

Mtoto akamchekea, akamnyooshea mikono. Mama fundi akachomeka sindano kwenye kifuko chake, akajipangusa viganja kwenye gauni lake mwenyewe, mara mbili.

"Tangu niugue hakuna aliyenipa mtoto," akasema taratibu. "Nipe nimbebe kidogo. Ila usininyooshee, hewani bado napotea. Njoo umlaze mwenyewe mikononi mwangu."