Suti ya Mpira Ndani ya Dera

Hii aibu nimeificha vya kutosha, na kwa vile Mutua wa ofisini ameshaanza kuisimulia kwa njia yake (akitia chumvi mahali ambapo tayari palikuwa na chumvi ya kutosha), afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Nafanya kazi kwa kampuni ndogo ya matembezi, pale katikati ya jiji, ghorofa ya nne. Kazi yangu ni kuwauzia watu pwani, na si ile pwani ya kulala mchangani, ni ile ya miamba, mahali bahari imetafuna mawe mpaka yakaota meno, kuna mapango, kuna kupiga makasia kwenye mikoko, kuna jabali ambalo unasimama juu yake halafu unajirusha majini. Naiuza vizuri sana hiyo pwani. Shida ni kwamba bahari yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona hata siku moja (msicheke, mimi ni mtu wa Machakos, nilitoka huko nikaja Nairobi, nikaishia hapo).

Sasa siku moja bosi akaniita akaniambia kuna chama cha akina mama kutoka Dagoretti kinakuja kesho asubuhi kusikiliza, na wakikubali safari, watakuwa wengi mno kwa Mutua peke yake, kwa hivyo Kanini, yaani mimi, nitaenda kumsaidia. Mimi, baharini. Nilitoka hapo nikitembea kama nimeshafika.

Mutua ndiye kiongozi wetu wa kule majini, na jioni hiyo akanikopesha suti yake ya mpira, ile nyeusi ya wapiga mbizi inayokubana kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa akiivaa enzi akiwa mwembamba.

"Kanini, usinipasulie," akaniambia. "Hiyo naipenda kuliko gari yangu."

(Hana gari.)

Ningengoja wikendi niijaribu. Lakini asubuhi ile, pale kwangu Muthangari, nimeshaoga, nimeshakunywa chai, naiona pale kitandani inaniangalia, nikasema wacha niivae kidogo tu nijione kwa kioo. Kuingia niliingia, kwa vita, zipu iko mgongoni na ina utepe mrefu wa kuivutia, nikaivuta ikapanda vizuri mpaka juu, nikajipiga picha, nikaruka kutoka kitandani kama ndiyo jabali. Halafu nikataka kuivua, nikavuta utepe, utepe ukabaki mkononi.

Nilijaribu kila kitu. Nilijisugua mlangoni kama ng'ombe mwenye kupe. Jirani ameshaenda kazini, aliyebaki kwenye ploti ni keateka, yule mtunza nyumba, na mzee wa watu ni shemasi kanisani kwetu, nitaanzia wapi kumwambia njoo unifungue mgongo? Kuikata nayo siwezi, si yangu. Saa zinaenda. Basi nikachukua dera langu pana kuliko yote, nikalivaa juu, nikajifunga skafu shingoni, nikaenda kazini.

Huko mjini jua lilikuwa limeamka vibaya, na pale ofisini kwetu lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda zile ngazi nikilia kwii, kwii, kila hatua, mpira ukisuguana mapajani. Nilitarajia kumpata yule dada wa mapokezi anisaidie chooni, lakini bosi alikuwa mlangoni. "Umechelewa, wamekaa wanakungoja," akasema, akanisukuma ndani.

Akina mama walijaa chumba, Mutua kakaa kwenye kona. Mwenyekiti wao, Mama Wangeci, ni mfanyabiashara wa nyama, mama mkubwa mwenye sauti, ana bucha kadhaa kule Dagoretti na haogopi mtu. Nikaanza kuongea, na niamini, sijawahi kuongea vile. Niliwaambia juu ya pango lililotoboka paa, mwanga unashuka ndani kama maji, niliwaambia vile maji yakipwa unatembea mahali samaki walikuwa wakilala, nikajisahau kabisa, mikono hewani, huku jasho limenijaa mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilipofika kwenye jabali chumba kikaanza kuzunguka. Nikajishika kwa meza. Meza ikanikataa.

Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, skafu imetolewa, dera limepandishwa, na wamama wamenizunguka.

"Huyu msichana amevaa nini?" mmoja akauliza.

"Ni zile za kupunguza tumbo," mwingine akajibu kwa uhakika.

Ikabidi niseme ukweli wote, nikiwa nimelala. Mama Wangeci akawafukuza bosi na Mutua nje, akaomba mafuta ya kujipaka, akapitisha kipini cha nywele kwenye tundu la zipu pale utepe ulipokatikia, akaivuta ikafunguka.

"Tulia, mum. Ngozi ukiivuta na hasira inapasuka," akaniambia. "Mimi nimechuna mbuzi tangu nikiwa msichana."

Na akanichuna. Alianza mabegani, akakunja, akapitisha ngumi kati ya mpira na mwili, wawili wamenishika mikono, mmoja anavuta miguu, wote wanacheka mpaka machozi, na ile nguo ilipoachilia mguu wa mwisho ilitoa mlio ambao Mutua aliusikia huko nje na mpaka leo anauigiza kwa mdomo.

Nilijua safari imekufa. Nikakaa hapo na dera langu, sina uso wa kumtazama mtu, mpaka Mama Wangeci akauliza, "Sasa huko kwa hayo mawe, hii nguo ni lazima?"

"Si lazima, mama. Maji ya huko ni ya moto."

Akawageukia wenzake. "Mtu akifurahia mahali mpaka azimie, si tujiandikishe?"

Walienda, na mimi nikaenda. Bahari nikaiona, kubwa kuliko vile nilivyowahi kuisifia, na kwenye jabali nilijirusha na tisheti yangu ya kawaida, nikipiga nduru, Mama Wangeci nyuma yangu akijitayarisha. Kule kote waliniita Kabuzi, yaani mbuzi mdogo, na jina limenifuata mpaka ofisini. Nimelikubali. Lakini nimeapa: nguo ambayo siwezi kuivua peke yangu, siivai tena nikiwa peke yangu.