Nilichomoa Waya wa Pili

Kosa ni langu. Si la umeme, si la kampuni, wala si mpango wa Mungu kama mdogo wangu anavyosema. Ni langu, na nyinyi wasomaji ndio watu wa kwanza kulisikia.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu hapa Kalemie. Nyumbani niliweka amri moja: jambo kubwa haliamuliwi mpaka mimi niseme. Kuhama, kuolewa, kupasuliwa hospitalini, lazima wasikie sauti yangu kwanza. Niliogopa kupoteza mtu mwingine. Na walinitii! Laiti wangekuwa wakaidi kidogo.

Kazi yangu ni kufagia na kushika ufunguo wa nyumba ya mashine za kampuni moja ya simu. Ndani kuna mashine kubwa kama kabati, inayopitisha simu zote za wateja wetu. Ina nyaya mbili za umeme. Mmoja unakula umeme wa mji, wa pili unakula umeme wa betri. Fundi alinieleza siku ya kwanza: "Mama, moja ikikatika, ingine inabeba muzigo yote. Usiziguse."

Mimi nilishika nusu tu ya maneno yake. Nilishika kwamba mmoja unatosha.

Jirani yetu ni mshonaji. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, ana rundo la sare za watoto, na umeme wa mji unakwenda na kurudi. Akaja dirishani.

"Mama Funguo, mashini yako inakula na vinywa mbili, yangu inalala njaa! Weye hauna roho?"

"Ile ya batri ni ya kazi, Mama."

"Kazi gani? Iko inangojea tu, kama bwana arusi! Nipe siku mbili."

Nilicheka. Sisi yatima tumekua hivyo: mwenye mashati mawili anampa moja asiye nalo. Nikachomoa waya wa betri, nikapitisha wa jirani dirishani nikauchomeka mahali pake, nikasimama pale nikingoja mashine izime. Haikuzima! Taa moja tu ndogo iliacha kijani ikawa nyekundu.

Nikabandika karatasi juu yake, fundi asiione. Kama kweli sikujua, mbona niliificha?

Siku mbili zikawa wiki. Asubuhi moja umeme wa mji ukakatika. Cherehani ya jirani iliendelea kulia kule ng'ambo, mashine kubwa ikanyamaza kabisa. Nilikimbia, nikarudisha waya, nikabandua karatasi. Taa ziliwaka lakini simu hazikurudi. Kuna kitu ndani kiliharibika kwa kuzimika ghafla vile. Fundi alikuwa safarini, mji wa Kabalo. Alifika kwa pikipiki kesho yake jioni.

Asubuhi ileile, mdogo wangu anayenifuata alikuwa hospitalini Moba, kwenye uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mume wake alikuwa kule Pepa, malishoni kwa ng'ombe, hapatikani. Daktari akamwambia mtoto amekaa vibaya, apasuliwe.

Akajibu: "Ngojeni kwanza nisikie Yaya." Yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

Akapiga. Akapiga tena. Muuguzi alinieleza baadaye: "Tulimusihi, Mama. Alisema Yaya wake hawezi kukosa kumupokea, tungoje kidogo tu."

Walipomlazimisha ilikuwa saa tisa mchana. Mtoto, msichana, alikuwa amekwisha kufa. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa.

Ee Mungu wangu! Simu zilipofufuka, yake ndiyo ya kwanza iliyoingia kwangu. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Yaya, usilie. Ni rezo ya simu tu ilikosekana. Mungu njo alipanga."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilinyamaza!

Fundi naye alisema ni hitilafu ya umeme wa mji. Hakuna aliyeniuliza neno. Bado nina ufunguo.

Mume wake alimrudisha kwangu, kwa kuwa anataka watoto. Tunalala chumba kimoja. Wageni wakija anawaambia mimi ndiye mama yake.

Nyinyi mnaofanya kazi karibu na mashine, kitu kinachoonekana kimekaa bure msikiguse kabla ya kuuliza kazi yake. Nyinyi wakubwa wa nyumba, wapeni wadogo zenu ruhusa ya kuamua wakati hampatikani. Na aliyekosa aseme siku ileile, akiwa bado anatetemeka. Mimi niliacha siku ile ipite, na sasa sioni mlango wa kuingilia.

Nimeandika hapa kwa sababu yeye huwa hasomi kurasa hizi. Ndiyo, ni woga. Kesho ataamka kabla yangu, atapika uji, ataniletea bakuli kwa mikono miwili. Nami nitalipokea.