Turubai Jipya la Baba

Turubai jipya likipigwa na jua hutoa harufu inayokaribia ile ya mafuta ya taa. Nimemaliza chuo, lakini bado nikifika kwenye duka la maturubai hapa Mbarara huvuka barabara, kisha najilaumu kwa kuvuka.

Baba alikuwa amepata pikapu. Nyuma aliijengea chumba cha mbao, akakifunika kwa turubai, akatandika godoro. Tulipotoka Kashojwa, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi, alitutania, "Leo tutalala mu gari kama bazungu."

Mama alipanda, amempakata mdogo wangu wa miezi michache. Kongo tulitoka vivyo hivyo, tumelala chini ya turubai la lori, na kila liliposimama watoto tulizibwa midomo ili wenye bunduki wasitusikie.

Karibu na mji, pikapu ilisimama.

"Mzee, hata nyumba umebeba? Jiko iko wapi?" polisi alimuuliza baba, wakacheka wote wawili.

Mtoto akaanza kulia. Mama akamfunika mdomo na pua kwa kiganja. Nje waliendelea kucheka. Miguu ya mtoto ilipiga godoro, ikapunguza kasi, kisha ikatulia.

Baba alifunua turubai. "Mama, acha. Ni polisi tu. Achilia mutoto."

Alibandua vidole vya mama kimoja kimoja. Mtoto akakohoa, akapata pumzi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu nao. Nyumbani hakuna aliyewahi kunilaumu. Wanasema nilikuwa mdogo. Lakini nilikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa imeziba mdomo wangu mwenyewe.