Harusi Ambayo Mzee Taratibu Hakuihudhuria

Mtaani walimwita Mzee Taratibu kwa sababu alinyoa polepole mno, na hapakuwa na kitu cha kumkimbiza. Ukikaa kwenye kiti chake ukiwa na haraka zako, alikuzungushia kitambaa shingoni, akakikaza kidogo, kisha akasema, "Haya, sasa huendi kokote. Habari za nyumbani?" Na za nyumbani zilitoka, utake usitake. Kuna wanandoa waliopatana mle kibandani, mume kichwa nusu kimenyolewa, hawezi hata kutoroka, mke kwenye benchi akimwaga yote ya moyoni.

Alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, hakuna aliyeshangaa. Alikwenda hospitalini kuwanyoa wagonjwa wasioweza kunyanyuka. Alinyoa marehemu pia, bila kinyaa, akiongea nao kana kwamba wanamjibu. Na kila bwana harusi wa kanisa letu alipita kwenye kiti chake asubuhi ya harusi yake, akanyolewa bure na kupewa mawaidha mpaka masikio yakachoka.

Isipokuwa mmoja.

Bintiye, kitindamimba wake, alimpenda fundi umeme aliyekuwa ameoa na kuachana na mkewe. Baraza la wazee lilikuwa na msimamo wake: aliyeachana na mkewe hafungishwi ndoa nyingine kanisani. Aliyeushikilia msimamo huo kuliko wote alikuwa Mzee Taratibu mwenyewe.

"Baba, humjui," binti alimwambia. "Mnyoe siku moja tu. Muulize habari za nyumbani, kama unavyowauliza wengine."

"Nikilegeza kwako, watu watasema nini?"

"Watasema wewe ni baba yangu."

Mzee akageuka, akaendelea kunoa wembe wake.

Basi binti na mchumba wake wakaamua kufunga ndoa serikalini. Asubuhi ya siku hiyo fundi umeme alikuja kibandani peke yake, akakaa kwenye benchi, akangoja wenzake wote wahudumiwe. Ilipofika zamu yake, Mzee Taratibu alikung'uta kitambaa, akakikunja, akatia wembe kwenye droo.

"Nimefunga."

"Mzee, bado asubuhi."

"Nimefunga, kijana."

Fundi umeme alisimama. "Sawa, mzee. Tutawawekea viti wewe na mama hata hivyo."

Viti viwili vya mbele vilibaki vitupu, maana mama naye alikuwa ameambiwa na mumewe kwamba hakuna wa nyumba hii atakayekwenda. Gauni aliloandaa, limeshapigwa pasi, lilishinda limening'inia mlangoni. Jioni akalikunja na kulirudisha sandukuni.

Miaka ilipita. Mama alipofariki, binti alikuja msibani na mumewe na watoto. Alimpa mzee mkono na kusema, "Pole sana, mzee."

Mzee, si baba! Mzee Taratibu alimgeukia dada wa marehemu mkewe. "Shemeji, umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia. Hata dada yangu aliyasikia mengi, akanyamaza."

Kuanzia hapo hakuwa yule yule. Alinyoa kimya, na wateja ndio waliokuwa wakimuuliza yeye habari za nyumbani. Kisha mtoto wa mwalimu wa kwaya akataka kumwoa mwanamke aliyeachika, na baraza likakutana kama kawaida kukataa. Mzee Taratibu akasimama.

"Msimamo huu niliung'ang'ania mimi, ninyi mlinifuata tu. Nilikosea. Uondoeni."

Wakauondoa. Harusi ikafungwa kanisani, na kila mtu akausifu moyo wa Mzee Taratibu. Mama wa bwana harusi alimfuata kwenye meza ya wageni wa heshima, akamkuta sahani yake haijaguswa. "Mungu akubariki. Umemfungulia mwanangu mlango."

"Wangu nilimfungia," mzee akasema, akaomba asindikizwe nyumbani.

Siku chache baadaye alibeba wembe na kitambaa kwenye mfuko mdogo, akaenda kwa bintiye. Mlango ulifunguliwa na fundi umeme, ambaye sasa alikuwa na upara unaong'aa kama balbu. Mzee akautazama ule upara, akautazama mfuko wake. Mkwewe akacheka, bila ubaya.

"Umechelewa, mzee. Hapa hakuna kazi. Karibu ndani."

Walicheka wote, hata binti. Chai ikaletwa kwa vikombe vya wageni. Watoto wakaambiwa, "Msalimieni mgeni." Binti alijisikia akilitamka neno hilo, lakini hakulirekebisha.

"Mwanangu, nisamehe," mzee alisema.

"Nilishakusamehe siku nyingi. Ila ile siku siwezi kuirudisha. Wala mama."

Alikwenda tena, na tena. Kila mara alipokewa vizuri, akapewa kiti kizuri, akasindikizwa hadi barabarani. Lakini jikoni hakuitwa, wala hakuna mjukuu aliyempanda mapajani. Maradhi yakamkuta akiwa bado mgeni.

Siku ya mazishi yake kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Wanaume wazima walishika maikrofoni wakilia: alinipatanisha na mke wangu, alimnyoa baba yangu hospitalini, kwangu alikuwa mzazi. Mwisho akaitwa binti. Akapokea maikrofoni kwa mikono miwili.

"Nimewasikia wote mkisema alikuwa baba yenu," alisema. "Nawaamini. Nilikuwa nimekaa pale nawaonea wivu." Akaligeukia jeneza. "Mwishoni alikuwa anakuja kwangu. Nilijua ipo siku nitamwita baba tena. Nilikuwa nangoja tu moyo utulie. Nilidhani muda upo."

Mumewe alimfuata, akamshika mkono, akamrudisha kwenye kiti.

Siku hizi binti huja kanisani mara moja moja. Wazee wanamwita akae mbele, mahali pa familia. Anawashukuru, anasema pale karibu na mlango, wanapokaa wageni, panamtosha.