Evarista Atafuta Mahame ya Kwao

Watoto wa Evarista wanasema mama yao ana kiburi. Kweli anacho. Mtu aliyezaliwa kwenye tembe la ng'ombe sitini, leo yuko mjini, Area D, analetewa chai kitandani kama mgonjwa, asiwe na kiburi atabaki na nini? Siku hiyo aliaga kwamba anakwenda Mvumi kusalimia. Hakusema kusalimia nani, maana wa kusalimiwa hakubaki. Alikuwa anakwenda kutafuta kaburi la mama yake.

Mama huyo alizikwa kando ya nyumba. Mwaka wa sabini na moja ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Watu wakang'oa boriti za paa wakaondoka nazo, na tembe lisilo na paa, masika mawili tu, linarudi udongo. Mawe ya kusagia yaliachwa. Nani angejitwisha? Basi Evarista alijiambia: nikiliona jiwe la mama, nimefika. Mama alikuwa wa mashoto, na jiwe lake lililika upande mmoja, halifanani na la mtu.

Yeye na kijana wa bodaboda walipita Handali, wakapita Mvumi Makulu, wakaingia njia za ng'ombe. Kila palipoinuka kidogo alishuka kwenye pikipiki akachokoa kwa fimbo. Vichuguu.

"Bibi, hili pori," alisema Lameck, dereva wake. "Labda fisi ndiye anakukumbuka."

"Fisi wa hapa ndio waliomlea babu yako. Endesha."

Saa nane wakafika kwa mwanamke kijana, Anna, aliyekuwa anaanika mlenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Anna akaenda kuwaletea maji. Pale mlangoni kuku walikuwa wanakunywa kwenye jiwe la kusagia, maji yote yameegemea kushoto. Evarista akachuchumaa, akawafukuza kuku, akatia kiganja pale palipolika. Kikakaa.

"Jiwe hili mmelitoa wapi?"

"Mama mkwe alilikuta porini, wakalikokota kwa maksai."

"Pori la upande gani?"

"Hata sijui, bibi. Wakati naolewa hapa, yeye alishapoteza kauli. Mwaka juzi tukamzika."

Utamlaumu nani? Kitu kimeachwa, mwenye haja amekiokota.

"Kama ni la kwenu lichukue," alisema Anna. "Huyu kaka atalifunga nyuma."

"Nilipeleke wapi? Kwetu wanasaga mashine. Acha kuku wanywe."

Akavua kandambili, akazunguka nyuma ya nyumba ambako hakuna kitu ila mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa. Akamwamkia mama yake kwa Kigogo, taratibu, kama binti aliyechelewa kurudi kutoka kisimani. Kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika kaburi liko upande gani, akageukia upande wa pili akaamkia tena, na wa tatu, na wa nne. Lameck alijifanya anakaza mnyororo.