Wimbo wa Baba kwa Masikio Mawili

Mama yangu alisikiliza vita kwa niaba yetu wawili. Mimi nilikula, nilisoma, nilikoroma; yeye alisikiliza. Tulipokuwa bado tunakaa mtaa wa Mutakura, mlio wowote wa bunduki ukisikika alinyanyua kidole, nami nikatulia na tonge mdomoni. Halafu alisema, "Iko mbali. Iko ku milima ya Gihosha. Kula." Au alisema, "Lala chini," nami nilikuwa sakafuni kabla hajafunga mdomo. Sikumbuki akikosea. Ndiyo maana ninaandika haya nikiwa mzima, na ndiyo maana sikuthubutu kumcheka kwa hayo mambo ya masikio mpaka nilipokuwa mtu mzima kabisa.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria zake. Jua likikaribia kuzama, redio inazimwa. Huimbi ukiosha vyombo, huburuti kiti, hupigi soga na mwenzio dirishani. "Muziki inafunika masikio," alisema, na neno lake lilikuwa la mwisho. Ajabu ni kwamba mwanamke huyo huyo, kabla ya vita, hakuna arusi iliyoweza kumnyamazisha. Baba alikuwa hai wakati huo. Alikuwa na kaseti moja ya rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, na ndani yake wimbo mmoja alioupenda kupita kiasi. Mama aliimba maneno. Baba, ambaye sauti hakupewa, alilipiga gitaa kwa mdomo, ti-riri-ti, huku akitikisa bega. Baba alikufa kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake, mwaka mmoja kabla mambo hayajaharibika. Mama aliitia kaseti ndani ya kopo la maziwa ya unga, akafunika.

Tulipokimbia Mutakura, kopo lile lilikuja nasi Buyenzi, kwenye nyumba ya babu, mzaa mama. Buyenzi ni mtaa wa magaraji: nyundo, mashine za kuchomea, injini zinazokataa kuwaka, na juu yake adhana kutoka kila upande. Mtu mwingine angesema hapo hakuna cha kusikiliza. Mama alizisoma sauti hizo moja moja, kwa subira, mpaka akajua ipi ni ya nani. Mchana aliuza sambusa mlangoni petu, na wanunuzi walidhani anawatazama wao.

Vita vikaanza kuchoka. Watu walizungumzia makubaliano, saa za kutotoka nje zikapungua, arusi zikarudi kupigwa ngoma hadi jioni. Mimi tayari nilikuwa na cherehani yangu barazani na wateja wangu wasiolipa kwa wakati. Lakini nyumbani kwetu, jua likienda chini, redio kimya. Nikimwambia mama hali imetulia, ananijibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira. Mama anasema nilizaliwa msimu wa pilipili. Kilichonikasirisha zaidi ni siku nilipomuuliza wimbo wa baba unaanzaje, akafungua mdomo, akatafuta, akakosa. Akasema, "Itarudia tu." Akaendelea kukunja sambusa, lakini mkono ulikuwa umepungua kasi.

Basi nikaamua. Nilitaka kitu kimoja tu: mama ausikie wimbo ule mwanzo hadi mwisho kabla haujamtoka kabisa. Kama hataki muziki ujae nyumbani, aupate masikioni mwake peke yake. Wokmani, kile kiredio kidogo cha kaseti cha kuvaa kiunoni, nilikipata kwa mteja aliyeshindwa kulipia gauni. Ilibaki kuchagua vya masikio, vile vya kusikilizia kaseti peke yako.

Muuzaji alikuwa kijana wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mkimbizi, mlokole mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Duka lake lilikuwa upenu kati ya muuza plagi na muuza vioo vya magari. Alitundika vya masikio kwenye msumari, nyaya zikining'inia kama tambi.

"Dada, hii ni ya Ulaya. Inapiga mpaka unajisahau."

"Kizuri chajiuza," nikamwambia. "Wewe nyamaza kidogo, nisikilize."

Wateja wengine waliomba awawekee wimbo wenye kishindo, wakatikisa kichwa mara mbili, wakanunua. Mimi nilikuja na kaseti ya baba, niliyoitoa kwenye kopo lake. Nilikuwa na mawazo yangu: kishindo kila kitu kinaweza kupiga, hata debe. Nilitafuta yale madogo, kuvuta pumzi kwa mwimbaji kabla ya kiitikio, vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Vya kwanza, vyenye sponji na mkanda wa kupita kichwani, vilinipa muziki kama unatoka nyumba ya jirani. Vya pili, vya plastiki ngumu, vilikuwa vikali. Sauti za juu zilinichoma. Vya tatu vilikuwa na vimpira laini vya kuingia ndani ya sikio, vikubwa na vidogo, uchague vinavyokukaa. Nilipovitia, Buyenzi yote ikazimika. Nyundo, injini, na yule kijana aliyekuwa bado anaongea, nikamwona anafungua na kufunga mdomo bure. Kisha wimbo ukaanza, na gitaa la baba likapita sikio la kushoto likiwa safi, kila uzi mahali pake. Nilisimama pale upenuni nikalia mbele ya muuza plagi.

Nilipindapinda waya karibu na chuma cha kuchomeka, maana hapo ndipo hufia, sauti haikukatika. Nikanunua.

Mama alivivaa asubuhi, amekaa kwenye kigoda chake, mikono na unga. Nilibonyeza. Hata maneno ya kwanza hayakufika. Alivivuta vyote viwili kama aliyeingiwa na mdudu.

"Ni nini hii umeniletea?"

"Ni ya muziki, mama."

"Apana. Hii ni vifuniko. Sisikii inje." Alivisukuma mkononi mwangu, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona hofu, ile ya Mutakura, na nikaona aibu kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Nikarudi kwa kijana wa Uvira. Nikamwomba anibadilishie, anipe vinavyopitisha sauti za nje.

"Dada," akasema, "batu banakuja kulalamika juu sauti inavuja. We unalalamika juu aivuji?"

"Ni ya mama. Anataka kusikia nje."

Aliacha kucheka. Yeye pia alikuwa ametoka alikotoka. Alichagua vya plastiki vilivyolegea kuliko vyote, akanipa nijaribu. Kweli, nilisikia kila kitu: nyundo, wapita njia, bei za plagi. Wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Gitaa halikuwapo, au lilikuwapo kwa kukisia. Nikafikiri, mama yangu amekunywa chai hiyo miaka yote hii, halafu leo nimnunulie nyingine? Nilichukua vyangu vya vimpira nikaondoka navyo, kijana akiniita nyuma kwamba sasa anitake radhi au mimi nimtake yeye, haelewi.

Tukaingia kwenye mapatano. Mama alikubali sikio moja. La kulia alilipa muziki, la kushoto alilibakiza kwa ajili ya nje, na kipande cha pili kikaning'inia kifuani kwake juu ya kitenge. Alisikiliza hivyo siku kadhaa akiuza sambusa. Nilidhani nimeshinda. Maneno ya wimbo yalianza kumrudia. Nilimwona midomo inacheza. Halafu mchana mmoja akavua.

"Kaseti imeharibika," akasema.

"Imeharibika vipi?"

"Gitaa ya baba yako imetoka. Banaimba tu."

Niliweka sikioni kwangu kipande kile alichokuwa anakining'iniza, nikamsikia baba, ti-riri-ti, mzima, hajatoka popote. Waliorekodi wimbo ule waliweka waimbaji upande mmoja na gitaa upande mwingine. Mama alikuwa amekaa na nusu ya wimbo sikioni, na mumewe akimpigia gitaa kifuani, juu ya kitenge, kwa siku kadhaa.

Nilimweleza. Alikichukua sikioni mwangu kile kipande kidogo cha mpira.

"Na nani atasikiliza inje?" akauliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani atabaki na mtoto.

"Mimi."

"We?" Alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "We unalala hata mvua ikipiga mabati."

"Nijaribu basi."

Akanijaribu. Naapa, hakuna mtihani wa shule ulionitoa jasho kama ule. Niliambiwa nikae kwenye kizingiti, nifumbe macho. Ile ni nini? Nyundo ya fundi wa bodi. Ile ya chini yake? Jenereta. Na ile? Lango la jirani yetu, bibi muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, linakwaruza chini likifungwa. "Anaingia ao anatoka?" Anatoka. Na ile? Nikasema pikipiki. Mama akachekelea puani. "Ni machine ya kusaga mihogo. Pikipiki inakuya karibu, kisha inakwenda. Hii imekaa." Nilifikiri nimeanguka mtihani. Lakini aliponikalisha tena sawa, akanigeuza bega kidogo kuelekea mashariki, upande wa milima, nilijua amenipokea kazini.

Ilikuwa alasiri, sambusa zimebaki chache. Alijifuta mikono. Alitia kipande cha kulia, akatulia. Akatia cha kushoto, akanitazama. Nikamwonyesha kwamba masikio yangu yako wazi. Nikabonyeza.

Sijui nitauelezaje uso wa mama. Kwanza macho yake yaliniacha mimi yakaenda njiani, yakarudi, yakaenda tena. Kisha gitaa likaingia, nadhani, maana bega lake la kushoto lilitikisika, lile lile la baba. Akafumba macho. Nilikuwa sijawahi kumwona mama amefumba macho mchana.

Na akaimba. Mtu aliyezibwa masikio hajui anaimba kwa nguvu gani. Mama aliimba kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, nje ya mstari, akichelewa nusu neno, na pale maneno yalipomkosa aliweka ti-riri-ti. Bibi muuza ndagala alisimama na beseni lake akaniuliza kwa mikono kama kuna arusi. Mafundi walinyoosha shingo. Nilicheka mpaka machozi, na nilimpenda mama yangu kiasi cha kuumia.

Ndipo ikapiga.

Ilikuwa moja, nzito, nyuma ya nyumba za upande wa pili. Mtaa mzima ulikwenda chini. Bibi wa ndagala alikuwa mchangani na beseni juu ya kichwa. Mafundi waliingia chini ya magari yao. Mwili wangu pia ulitaka kwenda chini, magoti yalishaanza. Lakini nilikuwa kazini. Nilibaki kwenye kizingiti nikasikiliza kama nilivyofundishwa: inayofuata iko wapi? Hakuna iliyofuata. Baada ya ile moja ulikuja mluzi wa upepo, halafu mtu akatukana kwa sauti, halafu wengine wakacheka. Ulikuwa mpira wa kamyo, gurudumu la lori, uliopasuka kwa fundi wa mtaa wa pili.

Mama alikuwa bado anaimba. Alifika mwisho wa kiitikio akiwa amefumba macho, katikati ya mtaa uliolala chini, yeye peke yake amekaa wima.

Alipofumbua, alimwona jirani anajipangusa mchanga. Alivua kipande cha kushoto, na ile hofu ya Mutakura ikaanza kurudi usoni. Hakumtazama jirani, wala milima. Alinitazama mimi.

"Kuko nini?"

"Ni mupira ya kamyo," nikasema. "Iko mbali. Imba."

Akarudisha kile kipande sikioni bila kuuliza tena, kama mimi nilivyokuwa nikilirudia tonge langu.